Nyumba iliyofungwa mlango

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, mwalimu wa shule ya msingi. Ameandika hivi:

"Kila jioni umeme ukirudi, tunakaa mbele ya televisheni mimi, binti zangu wawili na mama mkwe wangu mwenye miaka 77. Binti zangu wanapenda vile vipindi vya telerealite, vijana waliofungiwa ndani ya jumba wakigombana na kutolewa mmoja mmoja. Mimi napenda tamthilia za Wazungu wa zamani, magauni marefu, taa za mishumaa, watumishi wanaopanda na kushuka ngazi. Mume wangu anasema yote ni bure: wale wa kwanza wanaigiza, na wale wa pili ni mabwana kama wale waliomwita babu yake boyi, mtumishi wa nyumbani. Naona haya, lakini kesho yake narudi. Ni nini kinachonishika? Na je, ninawaharibu watoto? Jambo lingine la kuchekesha: mama mkwe hajui Kifaransa, lakini kila wiki anakisia nani atatolewa, na mara nyingi hakosei."

Mama Mwalimu, jambo sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama pale pale, kwa mama mkwe. Umemweka mwishoni ili tucheke kidogo. Mimi naanza naye, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu lako anayo yeye.

Kazi yangu ni kukata picha. Nimefanya montaji kwa zaidi ya miaka ishirini, harusi, matanga, matangazo, vipindi vya televisheni za mjini, na siku hizi nawafundisha vijana kazi hiyo. Nikipewa kipindi cha lugha nisiyoijua nikikate, nafanya anavyofanya mama mkwe wako: naacha maneno yapite, naangalia miili. Nani anaosha vyombo ambavyo hakuvichafua. Nani akiingia jikoni wenzake wananyamaza. Nani amehamisha mto wake wa kulalia kitanda cha pili. Nani anacheka kabla mwenzake hajamaliza kusema, kwa kuogopa kuachwa nyuma. Baada ya nusu saa unajua nyumba imegawanyika wapi, na ukijua hilo unajua pia nani amebaki peke yake.

Hiyo ni elimu ya lupango, ua mmoja wenye familia nyingi, mama. Mtu aliyekaa lupango moja na familia nne, robine moja ya maji, choo kimoja, mbabula za makaa zimepangwa kando ya ukuta, anausikia ugomvi siku tatu kabla haujalipuka. Anaujua kwa namna ndoo inavyowekwa chini. Mama mkwe wako ana miaka 77 ya masomo hayo. Vijana wa kwenye jumba wanamwonyesha somo analolijua kuliko mtu yeyote hapo sebuleni, akiwemo mwanawe anayesema ni bure.

Wanaotengeneza vipindi hivi wanalijua jambo hilo vizuri. Mwaka 1999, huko Uholanzi, kampuni ya John de Mol iliwafungia watu ndani ya nyumba yenye kamera kila pembe, bila televisheni, bila gazeti, bila simu. Kipindi kikaitwa Big Brother. Wafaransa walipata cha kwao mwaka 2001, Loft Story, na nchi nzima ikagombana juu yake. Mwaka 2003 kikaja cha Afrika, nchi kumi na mbili, kila nchi mtu wake, na aliyeshinda alikuwa Cherise Makubale, binti wa Zambia, jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Malawi wabunge walikasirika mpaka wakapiga marufuku kipindi hicho kisionyeshwe kwenye televisheni ya taifa, na mahakama ikaja kuliondoa katazo lao.

Sasa angalia walichokiondoa ndani ya nyumba ile. Waliondoa kazi, waliondoa habari za nje, waliondoa mahali pa kwenda mtu akikasirika. Aliyebaki humo hana kingine cha kutazama isipokuwa mwenzake. Kijiko kilichoachwa mezani bila kuoshwa kinageuka kesi. Wewe umekaa kwako, una kesi zako kubwa, ada za watoto, mshahara unaochelewa, na zile kesi hazina mwisho unaouona. Hapa unaletewa kesi ndogo, ina mashahidi, ina hukumu, na hukumu inatoka siku inayojulikana. Mimi sioni haya yoyote kwa mtu aliyechoka kupumzikia hapo.

Kuna na jambo la ukaribu. Mwaka 1956 Wamarekani wawili, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu watazamaji wa televisheni wanaofikia kumjua mtu wa kwenye kioo kama rafiki, wakamsemesha, wakamkasirikia, wakati yeye hawajui kabisa. Waliandika hayo miaka zaidi ya arobaini kabla ya hizo nyumba za kamera. Binti zako wakisema "yule dada leo hajalala vizuri", urafiki huo ni wa kweli kwa upande mmoja. Usiwacheke. Wewe mwenyewe, nadhani, uliwahi kulia kwa ajili ya mtumishi fulani wa Kiingereza ambaye hajawahi kuishi.

Nije kwa baba wa nyumba na neno lake la kwanza, kwamba wanaigiza.

Nitakueleza kisa changu mwenyewe, nacho hakinipi sifa. Miaka kadhaa iliyopita nilikata video ya ndoa. Nilikuwa na saa tisa za picha na familia ilitaka saa moja na nusu. Wakati wa mahari, kamera ilikuwa kwa wajomba tu; upande wa bibi harusi sikuwa na kitu. Nikahitaji uso wowote wa kupitia, ili niruke hotuba moja ndefu. Nikachukua picha ya shangazi wa bibi harusi, iliyopigwa asubuhi, amekaa uani, jua linampiga machoni na yeye amekunja uso. Nikaiweka mara tu baada ya bahasha kufunguliwa. Sekunde mbili.

Siku video ilipoonyeshwa, wakwe wa pande zote mbili wamekaa, chumba kikanyamaza. Kila mtu alimwona yule mama akiidharau bahasha. Yalifanyika mazungumzo ya familia mara mbili juu ya dharau ambayo haikutokea. Mwishowe nilikwenda mwenyewe na picha za asili kwenye kompyuta, nikawaonyesha kivuli cha mwembe kwenye bega lake: mahari ilitolewa jioni, ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba hakuna mwembe. Nikaomba msamaha kwa magoti. Yule mama alinisamehe. Mimi bado naiona ile picha.

Warusi walilijua jambo hili tangu zamani. Lev Kuleshov alichukua uso mmoja wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso uliotulia tu, akauweka karibu na sahani ya supu, kisha karibu na jeneza. Watu wakasifu jinsi mwigizaji alivyoonyesha njaa, na jinsi alivyoonyesha majonzi. Uso ulikuwa ule ule.

Kwa hiyo mwambie mume wako kwamba nusu ya neno lake ni kweli. Wale vijana wanakasirika kweli, wanalia kweli, kamera haiwezi kumlazimisha mtu kutetemeka kidevu. Lakini nani alikasirika kwanza, na kwa sababu gani, na yule aliyeonekana akimtazama kwa chuki alikuwa anamtazama yeye au anatazama saa, hayo yameamuliwa kwenye chumba chenye giza na mtu wa kazi yangu. Na sisi watu wa Lubumbashi tuna sababu ya kuelewa hilo bila kushtuka. Kundi la Mufwankolo lilitufanyia maigizo kwa Kiswahili chetu, redioni, jukwaani na kwenye televisheni, na hawakuwa na maandishi mkononi: walikubaliana kisa kinaanzia wapi na kinaishia wapi, yaliyobaki waliyajaza papo hapo, kila mmoja kwa akili yake. Hakuna aliyesema wanatudanganya. Tulijua kisa kimepangwa, na tulijua maneno ni yao.

Tofauti iko hapa, na mimi naitilia uzito. Watu wa Mufwankolo walijua kwamba wako kazini. Huko Ufaransa, vijana walioshiriki kipindi cha telerealite cha L'Île de la tentation walikwenda mahakamani wakidai kwamba walichokifanya kule kilikuwa kazi kama kazi nyingine. Mwaka 2009 Cour de cassation, mahakama ya juu kabisa ya kesi za namna hiyo, iliwapa haki: walikuwa chini ya amri ya mtayarishaji, kwa hiyo palikuwa na mkataba wa kazi, hata kama karatasi ilisema ni mchezo. Tangu nisome habari za hukumu ile siwatazami tena kwa jicho lile la zamani. Jumba lile lina bwana wake, na wale waliolala kwenye vitanda vyake vizuri ni wafanyakazi wake.

Na hapo, mama, ndipo tamthilia zako zinapoingia.

Magauni siwezi kukueleza sana. Ni mazuri, yanapendeza macho, basi. Kinachokukamata, nadhani, ni kwamba watu wale hawaruhusiwi kusema wanachotaka. Mwanaume anampenda mwanamke na hawezi kulitamka neno hilo sura nane nzima. Kwa hiyo glavu iliyoanguka ikaokotwa inakuwa tukio. Mkono uliokaa sekunde moja zaidi kwenye mlango wa gari la farasi unasema kuliko hotuba. Sasa fikiria kwetu. Kwa makabila yetu mengi mkwe mwanaume hakai meza moja na mama mkwe wake, hamwangalii usoni, akikutana naye njiani anapisha. Kwenye mahari hakuna anayetaja jambo lenyewe mpaka msemaji wa familia amezunguka weee. Mtu aliyelelewa hivyo anaielewa glavu iliyoanguka upesi kuliko kijana wa London ya leo anayesema lolote kwa yeyote. Ile dunia ya zamani ya Waingereza, kwa adabu zake, iko karibu na sebule yako kuliko inavyoonekana.

Chukua Downton Abbey, ambayo bila shaka umeiona au umesikia habari zake. Ilianza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010. Vyumba vya mabwana vilipigwa picha kwenye kasri la kweli, Highclere. Jiko na vyumba vya watumishi vilijengwa studio, Ealing, London, kwa sababu jiko la zamani la kasri halikuwa tena kama lilivyokuwa. Mtumishi anatoka jikoni na sahani, anaanza kupanda ngazi, anafungua mlango, anatokea kwenye chumba cha kulia. Huyo mtu alianza safari mjini London na akafika mezani siku nyingine, mahali pengine kabisa. Mwenzangu mmoja wa kazi ndiye aliyeziunganisha hatua zile. Nilipolijua hilo nilirudia sehemu za namna ile mara nyingi, nikitafuta mshono, na nilipenda sana ile kazi.

Lakini mlango ule unasema jambo la pili. Juu na chini havikuwa mahali pamoja hata kwa kamera.

Tamthilia ile inaanza mwaka 1912, siku zile Titanic ilipozama. Mwaka huo mji wetu ulikuwa na miaka miwili. Reli kutoka kusini ilifika 1910, mwaka mji ulipoanzishwa, ukaitwa Elisabethville kwa jina la malkia wa Wabelgiji, na mwaka 1911 tanuri la shaba la kampuni ya migodi ya Union Minière likawaka. Wakati watumishi wa Kiingereza wanapiga pasi magazeti ya bwana, hapa palikuwa panatafutwa watu wa kufua, kupika na kulinda watoto. Baadaye mji ukagawanywa: Wazungu upande huu, cité, mitaa ya Waafrika, upande ule, katikati ardhi tupu, na usiku Mwafrika hakupita bila karatasi. Kamalondo yenu, iliyo ya zamani kuliko cité zote, ilikuwa ng'ambo ya hiyo ardhi tupu. Aliyelala upande wa Wazungu alilala kwenye boyeri, kile chumba kidogo nyuma ya nyumba kubwa. Vipo mpaka leo pale mjini. Vingine ni duka la vocha, vingine wamekaa wanafunzi wanne.

Ndiyo maana neno la pili la mume wako siwezi kulisukuma pembeni. Ana haki ya kuuma meno. Zile nyumba nzuri za kwenye tamthilia ziliendeshwa kwa pesa, na pesa ilitoka mahali. Hata hii Bridgerton ambayo mabinti wa siku hizi wanaipenda, inaanzia London ya mwaka 1813: Waingereza walikuwa wamekataza biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe kwenye mashamba yao ya sukari ya Karibi ulikuwa ungalipo, na sheria ya kuufuta ilipita mwaka 1833. Tamthilia inawaweka watu weusi kwenye dansi wakiwa wamevaa hariri. Nafurahi kuwaona wamependeza. Sukari ya kwenye meza ile, lakini, haisemi imetoka wapi.

Mimi ningependa mume wako ajue kwamba watumishi wa mji huu waliandika. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani wa Elisabethville, alikusanya historia ya mji kwa Kiswahili cha hapa, akaiita Vocabulaire, yaani msamiati, ya mji wa Elisabethville. Ilichapwa kwa mashine, kurasa chache tu. Ni historia ya Katanga tangu Wazungu wa kwanza, imesimuliwa na wale waliosimama nyuma ya kiti wakati wa chakula. Mtafiti Johannes Fabian aliitoa kama kitabu mwaka 1990. Waingereza wana tamthilia zao nyingi za ngazi na jiko. Sisi tunayo historia ya watumishi kutoka mkononi mwa wenyewe, na mimi sijaona hata filamu moja ya jioni iliyotengenezwa juu yake. Hili linaniumiza, mama, nalisema kama mtu ambaye angefanya montaji yake bila kulipwa.

Wala usidhani baba zetu hawakuwa na tamthilia za zamani sebuleni. Miaka ya 1970 nyumba nyingi za mji huu zilitundika ukutani mchoro ulioitwa Colonie belge: mfungwa amelazwa chini, askari anampiga fimbo, Mzungu amesimama anaangalia. Watu walinunua mchoro huo kwa pesa zao, wakala bukari, ugali wetu, chini yake, wakapokea wageni chini yake. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa hapa hapa, alichora historia ya nchi nzima kwa picha zaidi ya mia moja kati ya mwaka 1973 na 1974. Kutazama zamani jioni, baada ya kazi, ni desturi ya mji huu tangu kabla ya dishi.

Kuhusu watoto. Sitakwambia uzime, ila mambo machache nayashikilia. Ikiwa kipindi kinajengwa juu ya kumdhalilisha mtu mmoja, siku baada ya siku, wengine wakimcheka, hapo zima, na uwaambie kwa nini. Pesa ya kupiga kura kwa simu isitoke kwenye pesa ya mkate; kila ujumbe una bei na mabinti hawahesabu. Na umeme ukirudi saa nne za usiku, shule ya kesho haijasogea. Zaidi ya hapo, kaa nao. Ugomvi ukiisha, waulize: kabla ya huyu kupiga kelele, mliona nini? Mara nyingi hawakuona kitu, kwa sababu kimekatwa. Waache watafute mwembe begani. Kwenye tamthilia zako waulize nani amewasha ule moto kwenye chumba cha bibi asubuhi, kabla bibi hajaamka. Ni masomo kamili hayo, wewe ni mwalimu, unajua yanavyoingia kuliko ya ubaoni.

Sasa nirudi kwa mama mkwe. Kama mume wako ni mtoto wake na babu aliyeitwa boyi ni baba wa huyo mama, na kama miaka nimeihesabu vizuri, basi huyo mama utotoni alikulia nyuma ya nyumba ya watu, au alikuwa akimsubiri baba arudi kutoka huko. Inawezekana ndipo alipojifunza kuangalia miili ya watu wanaosema lugha asiyoijua, na kujua kabla ya chakula cha jioni kama leo kuna mtu atafukuzwa. Sijui kama amewahi kuulizwa. Jioni moja ya delestaji, umeme umekatwa, televisheni imelala, mwombe awasimulie nyumba ile ilikuwa na vyumba vingapi na baba aliingilia mlango gani. Binti mmoja ashike simu na kurekodi. Aiweke mezani, karibu na mdomo wa bibi, mbali na mbabula maana makaa yakipasuka yanaharibu sauti. Na bibi akinyamaza, asizime.